Uliza Ujibiwe: Kichocho tumboni, makovu kwenye ini

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kandokando ya Ziwa Victoria na zinauliza kuhusu kichocho cha tumbo. Tumeitanguliza ya mvuvi wa Ukerewe kwa sababu majibu mengine yanaegemea jibu lake.

SWALI: Shikamoni madaktari. Mimi ni mvuvi wa dagaa, umri miaka 41. Kila kingatiba inapopita kijijini nameza dawa za kichocho. Juzi nimepimwa kwa altrasaundi, nikaambiwa ini lina makovu na bandama imevimba. Pombe sijawahi kunywa, na vipimo vya damu vya ini vimesomeka vizuri. Kama minyoo inakaa kwenye utumbo, na dawa nimemeza, ini langu linaharibiwa na nini? *— Mvuvi, Ukerewe*

JIBU: Marahaba, ndugu, na pole. Minyoo ya kichocho cha tumbo, *Schistosoma mansoni*, haikai ndani ya utumbo kama chango. Inakaa ndani ya mishipa midogo ya damu inayouzunguka utumbo, dume amemkumbatia jike, na huweza kuishi humo miaka mingi. Minyoo yenyewe haiharibu ini kwa kiasi cha kuonekana. Panya wa maabara wakiambukizwa minyoo ya jinsia moja tu, ambayo haiwezi kutaga, hawapati makovu ya aina yako. Chanzo ni mayai, na kinachotengeneza kovu ni kinga ya mwili wako mwenyewe inapoyashughulikia mayai hayo.

Jike mmoja hutaga mpaka mayai 300 kwa siku. Karibu nusu hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo. Yanayobaki huchukuliwa na damu, na damu yote ya utumbo huingia kwenye ini kupitia mshipa mmoja mkubwa. Ndani ya ini mshipa huo hugawanyika mpaka kuwa vijitawi vyembamba sana. Yai lina urefu wa mikromita 140 hivi, haliwezi kupita hapo. Linakwama.

Ndani ya yai mna kiluwiluwi hai, naye hutoa protini zinazopenya vitundu vidogo vya ganda. Zilizochunguzwa zaidi ni omega-1 na IPSE. Chembe za kinga huzinasa na kuzionyesha kwa seli T zenye alama ya CD4. Kabla minyoo haijaanza kutaga, seli T hizo huwa katika mkondo wa Th1, ule unaozoeleka dhidi ya bakteria na virusi. Mayai yakianza kumwagika, kwenye wiki ya tano au ya sita tangu kuambukizwa, mkondo unageuka kuwa Th2: zinatolewa kemikali za IL-4, IL-5 na IL-13. IL-5 huziita eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, kutoka kwenye uboho wa mifupa. IL-4 na IL-13 huyabadilisha makrofaji, chembe zinazomeza vijidudu, yaache kazi ya kuua na yashike kazi ya kuziba na kukarabati. Seli hizi zote hulizingira yai na kufanya donge dogo liitwalo granuloma, kubwa mara kadhaa kuliko yai lenyewe. Kwa panya, karibu nusu ya seli za donge hilo ni eosinofili.

Uharibifu unatokana na kazi nyingine ya IL-13. Kemikali hiyo huziamsha seli nyota za ini, ambazo kwa kawaida kazi yake ni kutunza vitamini A, zikaanza kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za kovu. Kiluwiluwi hufa katika muda wa wiki tatu hivi, seli za kinga hutawanyika, kolajeni hubaki. Kovu la yai moja si kitu. Lakini mayai yakiendelea kuja kila siku kwa miaka kumi au kumi na mitano, makovu huungana na kuizingira mishipa ya damu ndani ya ini kwa urefu wake. Symmers, aliyeyaeleza makovu haya huko Misri mwaka 1904, aliyafananisha na mashina meupe ya viko vya udongo, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake.

Kwa nini basi vipimo vya damu ni vizuri? Kwa sababu vimeng'enya vya ALT na AST huvuja damuni pale seli za ini zenyewe zinapokufa, kama katika homa ya ini. Kwako seli hizo nyingi ni nzima na bado zinafanya kazi. Kilichobanwa ni njia ya damu. Damu inayotoka utumboni haipiti vizuri, shinikizo linapanda, bandama inavimba, na damu inatafuta njia za pembeni kupitia mishipa ya umio (njia ya chakula), ambayo hutanuka na siku moja huweza kupasuka. Karatasi ya maabara inayosema ini liko sawa haikuhakikishii usalama katika ugonjwa huu.

Kuhusu dawa, prazikwanteli huua minyoo mikubwa. Haiyaondoi mayai yaliyokwisha kukwama, na haiwapati vizuri minyoo wachanga ambao hawajafikisha wiki tano au sita mwilini. Ukimeza dawa Jumatatu, kisha Jumanne ukaingia ziwani kuvuta nyavu, unaanza upya. Hata hivyo usiache kuimeza. Kila jozi ya minyoo inayokufa inaliondolea ini mamia ya mayai kila wiki, na makovu ambayo hayajakomaa hupungua. Kwa watoto na vijana altrasaundi imeonyesha hivyo mara nyingi, katika miezi kadhaa hadi miaka baada ya matibabu. Kwa mtu mzima mwenye makovu mazito matumaini ni madogo zaidi, lakini kuzuia yasiongezeke kunabadilisha maisha.

Mambo ya kufanya sasa: nenda hospitali ya mkoa au ya kanda uangaliwe umio kwa endoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa mdomoni. Pima homa ya ini aina ya B na C, kwa kuwa mojawapo ikikutana na kichocho ini huharibika haraka zaidi. Na usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo wa kuvuta nyavu. Dawa hizo huchubua tumbo na kuongeza hatari ya kutokwa damu.

SWALI: Nimesoma kwamba uharibifu wa ini katika kichocho unafanywa na chembe zetu za kinga. Kwa nini basi wagonjwa wasipewe dawa za kushusha kinga, mfano prednisoloni, mpaka mayai yaishe? *— Mwalimu wa baiolojia, Homa Bay*

JIBU: Mwalimu, jambo hilo limejaribiwa kwa panya kwa njia nyingi, na majibu yake ndiyo yanayotufanya tukatae.

Panya wasio na seli T hawatengenezi granuloma za kueleweka. Ungedhani wangepona. Kinyume chake, sumu zinazotoka kwenye yai, omega-1 ikiwemo, huzifikia seli za ini moja kwa moja na kuziua, na panya hufa mapema kuliko wenzao wenye kinga kamili. Panya walionyimwa IL-4 nao huugua vibaya katika wiki za mwanzo. Granuloma ni ukuta, na kovu ndilo gharama ya kuujenga.

Kuna ushahidi kutoka kwa binadamu pia, tena kutoka jirani yako. Mwaka 1997 zilichapishwa takwimu za wanaume waliokuwa wakiosha magari ziwani Kisumu. Wenye VVU ambao CD4 zao zilikuwa zimeshuka walitoa mayai machache chooni kuliko wenzao wasio na VVU, ingawa dalili za wingi wa minyoo hazikutofautiana hivyo. Maana yake, yai halipiti ukuta wa utumbo kwa nguvu zake. Linategemea uvimbe unaosababishwa na chembe za kinga ili lisukumwe nje. Ukiizima kinga, mayai yanabaki ndani.

Swali zuri zaidi ni hili: je, tunaweza kuacha ukuta ujengwe na kuzuia kovu tu? Kwa panya imewezekana. Mwaka 1999 watafiti waliifunga IL-13 peke yake. Granuloma zilibaki na ukubwa ule ule, kolajeni ikapungua sana. Matokeo hayo yalionyesha kuwa kuzingira yai na kutengeneza kovu ni kazi mbili tofauti. Kwa mgonjwa wa kichocho, dawa ya namna hiyo bado haipo kwenye rafu za hospitali.

Mwili wenyewe unazo breki. Ugonjwa ukishakuwa wa muda mrefu, seli T za kudhibiti na kemikali ya IL-10 hufanya granuloma mpya ziwe ndogo kuliko za mwanzo. Mwenye breki imara huishi na minyoo bila ini kuharibika, na hao ndio wengi. Mwenye breki dhaifu huumia. Katika baadhi ya aina za panya seli T hutoa IL-17, ambayo huita nutrofili, chembe nyeupe nyingine za damu, kwa wingi, na granuloma zao ni kubwa na kali. Kwa binadamu urithi nao una sehemu: uchunguzi wa familia nchini Sudan uliotolewa mwaka 1999 ulihusisha makovu mazito na eneo la kromosomu ya 6 lililo karibu na jeni ya kipokezi cha interferoni gama, na interferoni gama ni mojawapo ya kemikali zinazozuia kolajeni isitengenezwe. Ndiyo maana ndugu wawili waliokulia ziwa moja, na pengine mtumbwi mmoja, huweza kuwa na maini tofauti kabisa.

Prednisoloni ina nafasi moja ya pekee, katika homa kali ya mwanzo wa kichocho, inayomshika zaidi mgeni aliyeoga ziwani kwa mara ya kwanza. Hapo daktari huitumia kwa siku chache. Nje ya hapo ina hatari. Ndugu yake deksamethasoni hupunguza kiasi cha prazikwanteli kwenye damu, na mtu mwenye minyoo ya strongiloidi akipewa dawa za kundi hili, minyoo hiyo huweza kuzaliana kwa kasi na kusambaa mwili mzima mpaka kumuua.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alipewa vidonge viwili na nusu shuleni. Alitapika, akalia tumbo. Jirani anasema walimzidishia. Je, ni kweli, na mara nyingine nimkatalie? *— Mama wawili, Musoma*

JIBU: Dada, shuleni hawatumii mizani, wanatumia fimbo ya kupimia urefu. Mtoto wa sentimita 94 hadi 110 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 600. Wa 110 hadi 125 kimoja na nusu, wa 125 hadi 138 viwili, wa 138 hadi 150 viwili na nusu. Anayevuka hapo mpaka 160 hupewa vitatu, mpaka 178 vinne, na aliyezidi hapo vitano. Fimbo imepangwa ili mtoto apate angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, au karibu na hapo. Mpime mwanao ukutani. Akiwa na sentimita 138 au zaidi, hakuna aliyemzidishia. Hata akiwa pungufu kidogo, nusu kidonge cha ziada hakimdhuru, kwa kuwa dawa hii ina nafasi pana ya usalama.

Kutapika na kuumwa tumbo saa chache baada ya dawa mara nyingi humpata mwenye minyoo mingi. Minyoo inapokufa humwaga protini zake kwenye damu, na kinga huzipokea kwa fujo. Kichwa kuuma, kizunguzungu na vipele vya kuwasha navyo hutokea na huisha ndani ya siku moja. Tumbo tupu huzidisha mambo. Mpe chakula cha kushiba kabla, uji mzito au wali wenye mafuta kidogo. Chakula pia husaidia dawa kuingia mwilini vizuri. Vidonge ni vichungu sana, hivyo ameze haraka kwa maji mengi bila kuvitafuna. Akitapika ndani ya saa moja mwambie mgawa dawa, huenda akahitaji kurudia.

Usimkatalie. Umri wake ndio makovu ya ini yanapoanza, na ndio umri ambao bado yanaweza kurudi nyuma. Wa kusubiri ushauri wa daktari kwanza ni anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, maana huishusha prazikwanteli mpaka isifanye kazi, na mwenye historia ya kifafa au degedege, hasa mahali panapofugwa nguruwe wanaozurura, maana tegu wa nguruwe huweza kujificha kwenye ubongo. Mjamzito anaweza kuimeza baada ya miezi mitatu ya kwanza.

SWALI: Huku kwetu kichocho ni cha kukojoa damu. Nacho kinaharibu ini? *— Msomaji, Pemba*

JIBU: Kwa kawaida hapana. Unguja na Pemba kuna *Schistosoma haematobium* peke yake, kwa sababu konokono wanaobeba ile ya tumbo hawapo visiwani. Minyoo yenu hukaa kwenye mishipa ya kibofu na viungo vya uzazi, ambayo damu yake hairudi kupitia ini. Granuloma ni zile zile, na chembe za kinga ni zile zile, ila kovu linakaa kwenye kibofu, mirija ya mkojo na shingo ya kizazi. Figo ndizo za kuziangalia.

SWALI: Nina hadubini, vipande vya Kato-Katz na mashine ndogo ya altrasaundi. Nimtambueje mgonjwa ambaye ini lake limeathirika kabla hajatapika damu? *— Tabibu, Buchosa*

JIBU: Usiyategemee mayai. Kiolezo cha Kato-Katz, kipimo cha choo kwa hadubini, hubeba miligramu 41.7 za choo, unahesabu mayai na kuzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Chini ya 100 ni maambukizi hafifu, 100 hadi 399 ya kati, 400 na zaidi mazito. Lakini idadi hiyo inaeleza minyoo ya leo, na makovu ni hesabu ya miaka iliyopita. Mgonjwa mwenye makovu mazito mara nyingi ana mayai machache, au huoni kabisa. Kipimo cha mkojo cha CCA husaidia hapo, maana hunasa mabaki ya minyoo hai hata ikiwa michache. Kipimo cha kingamwili kisikudanganye, hubaki chanya miaka mingi baada ya kupona.

Anza na mikono yako. Mlaze chali, magoti yamekunjwa, utafute bandama kuanzia chini ya kitovu upande wa kulia, usogee juu kushoto. Wengi hukosea kwa kuanza juu, bandama kubwa ikawapita chini ya kiganja. Kisha papasa chini ya kidari: katika kichocho pande la kushoto la ini huvimba, la kulia husinyaa. Picha kamili ya damu ikionyesha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ziko chini kwa mtu mwenye bandama kubwa, chukulia kwamba shinikizo limepanda mpaka uthibitishe vinginevyo. Eosinofili nyingi damuni huunga mkono minyoo, ila zikiwa za kawaida hazikanushi chochote, hasa kwa ugonjwa wa muda mrefu.

Kwenye altrasaundi tafuta kuta nene, nyeupe, kuzunguka matawi ya mshipa mkuu wa ini. Ukiipiga picha mishipa kwa upana utaona pete, kwa urefu utaona mabomba. Mpangilio wa Niamey huzipa picha hizi herufi kuanzia A, ambayo ni ini la kawaida, hadi F. B, yenye vidoa vilivyotapakaa, inachanganya na haitoshi kutoa hukumu. C na kuendelea ndiyo makovu. Upana wa mshipa mkuu ulinganishe na urefu wa mgonjwa, usitumie namba moja kwa mtoto na mtu mzima. Uso wa ini katika kichocho kwa kawaida ni laini. Ukiuona una vinundu, au mgonjwa ana macho ya manjano na tumbo limejaa maji mapema, tafuta homa ya ini au pombe kabla ya kulaumu minyoo.

Mwenye mabomba na bandama kubwa mpe rufaa ya endoskopi. Mishipa ya umio iliyotanuka hufungwa kwa mipira midogo, au mgonjwa hupewa propranololi, mara nyingi kwa kuanzia miligramu 20 mara mbili kwa siku, ikiongezwa polepole mpaka mapigo yafike 55 hadi 60. Asipewe mwenye pumu. Akitapika damu kabla ya hapo, mlaze ubavu, asile wala asinywe, weka njia mbili pana za maji kwenye mishipa, chukua kundi la damu, na umsafirishe. Maji ya dripu yasizidi kile kinacholinda presha isianguke, kwa sababu kumjaza kupita kiasi huirudisha damu kwenye tundu lililopasuka. Prazikwanteli inaweza kusubiri siku chache.

SWALI: Bibi yetu ana uvimbe mkubwa kwenye ini, tumeambiwa ni minyoo ya mbwa. Ni kinga yake inayouleta? *— Wajukuu, Lodwar*

JIBU: Safari hii ni mnyoo mwenyewe. Ugonjwa huo, hidatidi, unajulikana sana Turkana. Kiluwiluwi cha tegu wa mbwa hukua ndani ya ini kama kifuko cha maji, na chembe za kinga hukizungushia gamba la nyuzi, kisha kwa kiasi kikubwa hutulia. Ini huumia kwa kubanwa. Hatari ya kinga inakuja kifuko kikipasuka. Bibi amekaa na maji yale kwa miaka na mwili wake umejaa kingamwili za IgE dhidi yake, kwa hiyo yakimwagika seli za mzio huachia kemikali zake kwa mkupuo na presha huweza kuanguka ghafla. Asikandwe tumbo na mtu yeyote, asichanjwe chale, na asichomwe sindano nje ya hospitali yenye uwezo. Matibabu ni albendazoli kwa miezi, kunyonya maji kwa sindano maalumu chini ya altrasaundi, au upasuaji, kulingana na hatua ya kifuko. Mbwa wasipewe maini wala mapafu ya mifugo iliyochinjwa.

SWALI: Maji ya ziwa nikiyachota na kuyaacha ndooni, yanabaki na kichocho? *— Mama lishe, Mwaloni*

JIBU: Viluwiluwi vinavyotoka kwa konokono huishi siku moja hadi mbili tu, kisha vinakufa kwa kukosa ngozi ya kupenya. Maji yaliyokaa kwenye pipa siku mbili kamili, yamefunikwa, na hayana konokono ndani, hayaambukizi kichocho, ingawa kwa kunywa bado yanahitaji kuchemshwa. Ukiyataka siku hiyo hiyo, yachemshe kisha yaache yapoe. Na kama lazima uingie ziwani, alfajiri ni afadhali kuliko kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambao konokono huachia viluwiluwi kwa wingi.